Jinsi ya kutengeneza na kufunga tapu ya netiweki isiyotumia umeme, kwa maduka na ofisi zetu hapa Kigoma

Wakuu, hapa Kigoma mjini kuanzia Mwanga mpaka Gungu mpaka Ujiji simu ninazopigiwa ni zile zile, fundi bando linaisha hovyo, fundi intaneti nzito, fundi hawa wanaotuuzia mtandao wanatuibia, na mtu akishafika hapo unakuta ameshabadilisha ruta, ameshanunua swichi mpya, ameshagombana na huduma kwa wateja, na tatizo bado lipo pale pale. Mimi msimamo wangu ni kwamba usimlaumu mtu kabla hujaangalia kinachopita kwenye waya wenyewe. Na njia safi ya kuangalia bila kuchezea chochote ni tapu, kiboksi kidogo tu ambacho unaweza kukitengeneza mwenyewe jioni moja.

Tapu ina poti nne. Poti mbili ni za njia, yaani waya unaingia huku unatokea kule kana kwamba hakuna kitu katikati. Poti mbili zilizobaki ni za kusikiliza, moja inapokea yanayoenda, nyingine yanayorudi, na hazina uwezo wa kutuma chochote kwa sababu zile nyaya za kutuma hujaziunga kabisa. Haina umeme, haina IP (anwani ya mtandao), haina programu ndani yake. Umeme ukikatika jenereta likiwashwa tapu haijui habari hizo, na kwa mji kama wetu ambao umeishi miaka na majenereta ya mafuta hilo si jambo dogo, maana kifaa cha kusikiliza kinachozima kikaangusha duka zima ni hasara juu ya hasara.

Utaniuliza kwa nini nisitumie poti ya kunakili iliyopo kwenye swichi, ile inayotoa nakala ya yanayopita poti nyingine. Kama swichi yako inayo itumie, lakini swichi nyingi za bei ya chini tunazonunua hazina, na zile zenye nayo zina mambo mawili. Kwanza, waya wa megabiti 100 unabeba 100 kwenda na 100 kurudi kwa wakati mmoja, sasa ukizirundika zote kwenye poti moja ya 100 mzigo ukizidi swichi inatupa paketi (vipande vya data) kimya kimya. Pili, swichi ikipokea fremu (paketi iliyofungashwa kwa safari ya waya) iliyoharibika huwa inaitupa kabla hata ya kuinakili, kwa hiyo kama ugonjwa wako ni waya mbovu ndio huwezi kuuona kabisa. Habu za zamani nazo zinafanya kazi nusu, upande mmoja uongee mwingine usubiri, unakuwa umebadilisha tabia ya mtandao ule ule unaotaka kuuchunguza.

Kabla hujashika kisu

Hili naliweka mbele na naomba usiliruke. Tapu inafungwa kwenye mtandao wako au mtandao ambao mwenye nao amekupa ruhusa, na ruhusa iwe ya maandishi, hata karatasi moja yenye sahihi na tarehe inayosema unasikiliza waya gani, kwa sababu gani na kwa muda gani. Katiba yetu Ibara ya 16 inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano bila haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuwajibisha na zile data utakazozikusanya. Wafanyakazi wa hapo waambiwe pia. Ukimwambia bosi "tunataka kujua kifaa gani kinakula bando" anaelewa, wafanyakazi wanaelewa, na kazi inaenda bila mtu kujisikia anachunguzwa nyumba yake.

Hatua ya 1: hakikisha waya unafaa

Tapu hii inafanya kazi kwenye megabiti 10 na 100 tu. Sababu ni kwamba kwenye 100 jozi moja ya nyaya (pini 1 na 2) inatuma na jozi nyingine (pini 3 na 6) inapokea, kila jozi ina mwelekeo wake, kwa hiyo ukichomeka sikio kwenye jozi unasikia sauti moja. Gigabiti ya kwenye nyaya za shaba inatumia jozi zote nne na kila jozi inatuma na kupokea kwa pamoja, ni vifaa vya mwisho tu vinavyojua kuondoa sauti yao wenyewe na kubaki na ya mwenzao, wewe wa katikati unasikia mchanganyiko usiotenganishika. Kwa gigabiti unahitaji tapu yenye umeme na saketi ndani yake, hiyo ni kazi nyingine.

Sasa ruta na swichi za siku hizi zikikutana zinakubaliana gigabiti zenyewe, na mazungumzo hayo ya makubaliano yanapita kwenye pini 1, 2, 3 na 6, zikishakubaliana zinakwenda kutafuta jozi nyingine mbili zinakuta hazipo. Vifaa vingine vinashuka vyenyewe hadi 100, vingine vinabaki taa inawaka inazima inawaka inazima na duka lote limekaa. Dawa yake ingia kwenye ruta, kwenye ile poti, uondoe tiki kwenye 1000 ubakize 100. Lakini makubaliano ya otomatiki yenyewe usiyazime! Hapa watu wengi wanaharibu. Ukiyalazimisha upande mmoja kuwa 100 kamili na kuzima makubaliano, upande wa pili utatambua spidi ya 100 lakini hautajua kama ni kwenda na kurudi kwa pamoja, utajishusha kwenye nusu, na hapo utaanza kuona migongano na mtandao mzito kuliko ulivyokuwa kabla hujaja. Punguza tu kinachotangazwa.

Je, kushuka hadi 100 kutamuumiza mteja? Kama kifurushi chake ni megabiti 20 au 50, kama maduka mengi hapa, hatajua kitu kwenye intaneti. Kama duka linahamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta na kompyuta, hizo zinapita ndani ya swichi, hazifiki kwenye ruta, kwa hiyo nazo hazitaguswa.

Jambo la pili la kuangalia ni umeme unaopita kwenye waya wa netiweki. Wengi tunapata intaneti kwa redio iliyopo juu ya bati, na redio ile inalishwa umeme kupitia waya huo huo na kile kiboksi cheusi cha adapta. Redio nyingi zinatumia volti 24 kwenye pini 4, 5, 7 na 8, lakini kuna aina inayopitisha volti 48 hivi kwenye zile zile pini za data. Usifunge tapu kati ya adapta na redio. Ifunge upande ambao ni data tupu, na usipojua upande upi, multimeta ndiyo jibu, pima kati ya jozi na jozi kabla ya kuunga kitu.

Hatua ya 2: vifaa

Soketi nne za RJ45 za ukutani za kubonyezea waya, kiboksi cha plastiki cha kuzibeba, futi moja ya waya wa Cat5e, kisu cha kubonyezea waya, testa ya waya, patch kodi nne fupi (waya zenye vichwa tayari). Mwanga utapata karibu vyote, soketi zikikosekana agiza Kariakoo zinakuja na basi.

Waya uwe wa shaba tupu na kila uzi uwe mmoja mgumu, sio nyuzinyuzi laini. Kuna waya mwingi sokoni ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, kwangua uzi kwa wembe uangalie, ukikuta weupe kama fedha chini ya wekundu uache dukani. Huo ukiubonyeza kwenye soketi unakatika, na usipokatika leo utakatika wakati duka limejaa wateja.

Asiyependa kutengeneza kuna za kununua, maarufu ni Throwing Star LAN Tap ya Michael Ossmann, michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Ile ameiwekea kapasita mbili ndogo kwenye jozi zisizotumika, kazi yake kuivuruga gigabiti ili vifaa vishuke vyenyewe hadi 100. Ni nzuri sana, ila kufika Kigoma inachukua muda, na ukitengeneza yako utaielewa zaidi.

Hatua ya 3: kuunga nyaya

Zipe soketi majina, andika kwa maka peni kabisa: A na B ndizo za njia, M1 na M2 ndizo za kusikiliza. Menya ganda la waya kama sentimita 25, toa jozi ya chungwa na jozi ya kijani, bluu na kahawia ziweke pembeni hatuzihitaji. Kwenye soketi kuna rangi za mpangilio A na mpangilio B, fuata mpangilio B (T568B, usiuchanganye na soketi B) kwenye soketi zote nne.

Siri ya kazi nzuri ni kutokata. Kisu cha kubonyezea kina upande unaokata na upande usiokata, geuza utumie usiokata, ili uzi mmoja upite soketi ya kwanza, uendelee soketi ya kati, umalizie ya mwisho bila kiungo chochote.

Jozi ya chungwa: anzia A kwenye pini 1 (nyeupe-chungwa) na 2 (chungwa), pitisha M1, malizia B kwenye 1 na 2. Sasa pale M1 usibonyeze kwenye nafasi za chungwa, bonyeza nyeupe-chungwa kwenye nafasi iliyopakwa nyeupe-kijani ambayo ni pini 3, na chungwa kwenye nafasi ya kijani ambayo ni pini 6. Macho yatakwambia umekosea kwa sababu rangi hazifanani, hujakosea, kadi ya netiweki ya laptopu inasikiliza kwenye 3 na 6 na sisi tunampelekea pale anaposikilizia.

Jozi ya kijani: anzia A pini 3 na 6, pitisha M2 pini 3 na 6, malizia B pini 3 na 6. Hapa rangi zinafanana kote.

Pini 1 na 2 za M1 na M2 ziache tupu kabisa. Huo utupu ndio unaofanya poti hizi ziwe kama mtu mwenye masikio asiye na mdomo.

Msokoto wa jozi usiufungue zaidi ya milimita 13 kila unapobonyeza, na soketi zibanane karibu karibu. Kila sentimita ya uzi uliofunguka inachukua kelele, na tapu yenyewe tayari inanyonya nguvu kidogo ya mawimbi. Kwa sababu hiyo pia patch kodi za kwenda kwenye laptopu ziwe fupi, mita moja inatosha, na kama waya mkuu wenyewe unakaribia zile mita 100 za kikomo tafuta sehemu nyingine ya kufunga.

Hatua ya 4: pima kabla ya kumuonyesha mteja

Testa upande mmoja A upande mwingine B: taa 1, 2, 3 na 6 ziwake kwa mpangilio, nyingine kimya. Kisha A kwenda M1: ikiwaka 1 huku kule iwake 3, ikiwaka 2 huku kule iwake 6, basi. A kwenda M2: 3 kwa 3, 6 kwa 6. Ukiona taa nyingine yoyote imewaka kuna uzi umegusana na mwenzake, fungua urudie, usijiambie itakubali.

Halafu jaribio la kweli. Kabla ya kufunga, piga ping (vipaketi vya majaribio vinavyopima muda wa kujibu) kutoka kompyuta ya dukani kwenda kwenye ruta, weka anwani ya ruta yako, na kama kompyuta ni ya Windows andika -n badala ya -c:

ping -c 500 192.168.1.1

Andika muda wa wastani na paketi zilizopotea. Chagua saa duka limetulia, chomoa waya unaotoka ruta kwenda swichi, uchomeke A, toka B kwenda swichi, mtandao utakatika sekunde chache tu. Piga ping tena. Majibu yafanane. Kama sasa zinapotea paketi ambazo mwanzo hazikupotea, tapu yako ina kasoro, itoe.

Nimesema kati ya ruta na swichi makusudi. Ukifunga upande wa nje wa ruta, ruta inakuwa imeshabadilisha anwani zote kuwa moja, utaona gigabaiti zinatoka lakini hujui ni simu ya nani wala kompyuta ipi. Ukifunga upande wa ndani kila kifaa kinaonekana na anwani yake. Ila kama ruta yenyewe ndiyo inayotoa Wi-Fi, simu zilizoungana nayo moja kwa moja hazipiti kwenye tapu, kumbuka hilo usije ukamhukumu asiyehusika.

Hatua ya 5: laptopu

Unahitaji kadi mbili za netiweki, kwa kawaida ile ya laptopu na adapta moja ya USB ya ethaneti, au adapta mbili. Ukiwa na moja utasikia upande mmoja tu wa maongezi, wakati mwingine inatosha. Mimi natumia Linux, mifano ni ya huko, chukulia kadi zinaitwa eth1 na eth2:

sudo ip addr flush dev eth1
sudo sysctl -w net.ipv6.conf.eth1.disable_ipv6=1
sudo ip link set dev eth1 up promisc on
sudo ethtool -K eth1 gro off

Rudia kwa eth2. Mistari mitatu ya kwanza inaiondolea kadi anwani, inazima IPv6, na inaiamuru isikilize kila kinachopita. Ule mstari wa mwisho unaizuia kadi isiunganishe paketi kadhaa kuwa moja kubwa, usipouweka utashangaa kuona paketi za baiti elfu kadhaa wakati fremu ya kawaida haizidi 1518.

Kadi nyingi sasa zinajigeuza zenyewe zikiona nyaya zimepishana, na kwenye tapu hilo si zuri, kwa sababu kadi ikigeuka inaweza kuanza kutuma kwenye 3 na 6, na 3 na 6 zimeungwa na njia ya mteja. Ifunge isigeuke:

sudo ethtool -s eth1 mdix off

Adapta nyingine za USB zinakataa amri hii. Ikikataa, angalia ping ya mteja wakati unachomeka laptopu, ikitikisika badilisha adapta.

Kurekodi, kwa programu ya dumpcap inayokuja na Wireshark:

sudo dumpcap -s 128 -i eth1 -i eth2 -b filesize:100000 -b files:20 -w /var/tmp/duka.pcapng

Hiyo inaandika mafaili ya megabaiti 100, yakifika 20 inafuta la zamani inaendelea, diski haijai. Waya wa 100 ukijaa unabeba kama gigabaiti 45 kwa saa kila upande, kwa hiyo usirekodi kila kitu bila kikomo. Na ile -s 128, ambayo lazima ikae kabla ya -i ya kwanza ndipo ishike kadi zote mbili, inakata kila paketi ibaki kichwa na baiti chache za mwanzo, inatosha kujua nani anaongea na nani na kwa ukubwa gani, na sehemu kubwa ya yaliyomo ndani ya maongezi ya watu huyachukui. Majina ya DNS, yaani majina ya tovuti ambayo vifaa vinaulizia anwani zake, kwa kawaida utayapata bado.

Msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja huko, mnajua radi za ziwani zilivyo. Tapu haina kinga yoyote ya radi. Wingu likianza kupanda upande wa Kongo chomoa laptopu, ya kwako na ya mteja.

Hatua ya 6: kusoma ulichopata

Fungua faili kwenye Wireshark, programu ya kusomea paketi. Nenda sehemu ya takwimu, fungua Endpoints, chagua IPv4, panga kwa baiti. Kwa maswali mengi ya bando kazi inaishia hapo hapo, maana anwani moja inakuwa juu imewaacha wengine mbali.

Kuna duka moja la stationery Mwanga ambalo mwenye duka alishawatuhumu vijana wake kwamba wanapakua filamu. Kwenye orodha anwani ya juu haikuwa ya kompyuta yoyote, ilikuwa ya mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, inatuma data nje mchana na usiku bila kupumzika, kwa sababu aliyefunga kamera aliacha picha zitazamwe kwa simu kupitia seva ya mbali na mtu mmoja alikuwa ameiacha programu imefunguliwa kwenye simu nyumbani. Walizima hiyo, wale vijana wakaombwa radhi, na mimi kwangu lile la kuombwa radhi lilikuwa kubwa kuliko bando.

Vichujio ninavyotumia sana:

dhcp.option.dhcp == 2 inakuonyesha nani anagawa IP. Wakitokea wawili tofauti umepata jibu la "mara inashika mara haishiki", kuna mtu amechomeka ruta ya nyumbani kwenye swichi ya ofisi.

tcp.analysis.retransmission inaonyesha zilizorudiwa kutumwa. Zikiwa nyingi kwa kompyuta moja tu, angalia waya wa kompyuta hiyo. Zikiwa nyingi kwa wote, na ping ya kwenda kwenye ruta ni safi, hapo sasa una haki ya kumpigia anayekuuzia intaneti, na unampigia ukiwa na faili mkononi.

dns, soma tu majina yanayoulizwa. Masasisho ya Windows na simu zinazopandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni yanajionyesha yenyewe kwa majina.

Usishangae ukiona jibu limeandikwa limetangulia swali. Kila mwelekeo unaingia kwa kadi yake, na adapta za USB zinachelewa kidogo kila moja kwa kiasi chake, mpangilio unapishana kwa muda mfupi sana. Ukirekodi kila kadi kwa faili lake unaziunganisha baadaye kwa mergecap -w yote.pcapng m1.pcapng m2.pcapng, tatizo dogo hilo litabaki lakini jumla za baiti hazibadiliki.

Na wasije kukudanganya kwamba tapu inasoma WhatsApp au nywila za benki. Karibu kila kitu sasa kimefungwa kwa TLS (kufuli la siri la mawasiliano), unaona anwani, ukubwa na muda, ndani huoni. Mitambo ya zamani isiyofunga kitu bado ipo, ukiikuta mwambie mwenye nayo aifunge.

Kwa wenye faiba: ule uzi wa kioo wenyewe una tapu zake, vigawa mwanga, cha nusu kwa nusu kinapoteza desibeli 3 na kidogo kila upande, na unatakiwa ujue bajeti ya mwanga kwanza, yaani mwanga kiasi gani unaweza kupotea mawasiliano yakaendelea. Uzi wa kampuni usiuguse. Subiri mwanga ugeuzwe kuwa waya wa shaba ndani ya duka, halafu tapu yako ikae kati ya kile kiboksi kinachogeuza mwanga na ruta au, vizuri zaidi, kati ya ruta na swichi kama nilivyosema.

Hatua ya 7: kuondoa

Ukimaliza chomoa laptopu kwanza, kisha rudisha waya wa mteja moja kwa moja ruta hadi swichi, rudisha tiki ya 1000 kwenye poti ile, hakikisha taa ya gigabiti imewaka, piga ping tena. Andika anwani za vifaa na jumla zake kwenye karatasi umpe mwenye duka, kisha mafaili ya kurekodi yafute kwenye laptopu yako mbele yake, labda kama ile ruhusa ya maandishi inasema yatunzwe.